Waliosimama Uwandani

Mara ya kwanza mama yake alipokataa kwenda kwa mtu anayekufa, Dobi alidhani amesikia vibaya.

"Umesemaje, mama?"

"Nimesema siendi. Mwambie sista naumwa."

Kuumwa alikuwa anaumwa kweli. Moyo ulikuwa umechoka, miguu imevimba mpaka viatu vyote vilivyokuwa kabatini vimekuwa kama vya mtu mwingine, na akipanda ngazi mbili tu za barazani anasimama kutafuta pumzi kama aliyekimbizwa. Lakini ugonjwa haukuwahi kumzuia. Mwaka uliotangulia, akiwa na homa inayomgonganisha meno, alijifunga shali akaenda kukaa na mwalimu mmoja mstaafu tangu asubuhi hadi mwalimu yule alipokata roho saa tisa. Akarudi nyumbani akaomba chai kama mtu aliyetoka sokoni. Kwa hiyo neno "siendi" lilipomtoka, Dobi alibaki ameshika kikombe mkononi asijue akiweke wapi.

Habari za mama yule zilijulikana mji mzima. Miaka arobaini na moja nyuma alikwenda hospitali kujifungua, mtoto akatoka salama, damu ikakataa kusimama. Daktari alihangaika mpaka jasho lake likawa linamdondokea mgonjwa. Mwishowe akatafuta mapigo shingoni, akayakosa. Akatafuta tena, akayakosa. Wakamfunika shuka hadi usoni. Robo saa baadaye, mkunga aliyekuwa anamwosha mtoto kwenye beseni alisikia mtu anakohoa nyuma yake. Inasemekana aliangusha beseni lakini hakumwangusha mtoto, na kwa hilo Dobi alimshukuru maisha yake yote, maana mtoto mwenyewe ndiye yeye.

Tangu siku ile mama akaitwa Aliyerudi. Naye hakuwa mchoyo wa alichokiona. Aliona uwanda mpana wa majani mabichi, usio na jiwe wala mwiba, na mwanga usiotoka kwenye jua. Mwisho wa uwanda palikuwa na lango, na langoni amesimama marehemu baba yake, kavaa kofia yake ileile ya kazini. Akamwambia, "Rudi, binti yangu, una mtoto hajanyonya." Ndipo akarudi.

Alisimulia hivyo bila kuongeza wala kupunguza, ameshika mkono wa mgonjwa, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia ya kwenda posta. Watu walioshikwa na hofu hadi wakang'ang'ania vyuma vya kitanda walilegeza vidole. Wengine walitabasamu. Kwa miaka arobaini hapakuwa na mlango uliofungwa mbele yake, na wapo waliomwita kabla hawajamwita daktari.

Dobi alilelewa na mama asiyeogopa kufa, na hilo si jambo jepesi kwa mtoto. Siku waya wa umeme ulipokatika na kulala njiani, watu wote walirudi nyuma. Mama alikunja sketi yake akaruka juu ya ule waya kwa sababu alikuwa na haraka. "Mimi nilishakwenda, njia naijua," alikuwa akisema, na watu wakicheka mpaka wakashika mbavu. Dobi hakucheka. Alikuwa anajiuliza, kama huko ni kuzuri hivyo, mama atachoka lini na huku.

Sasa akaweka kikombe chini. "Hukuuliza hata ni nani anayekuita."

"Ni nani?"

"Mzee Mvuke."

Mama aligeukia dirishani. Dirisha lile lilitazama uchochoro, ukuta wa jirani na kamba ya nguo, basi. Alilitazama kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Hata awe nani," akasema.

*

Mzee Mvuke alikuwa fundi boila wa hospitali kwa miaka thelathini. Boila lake lilikaa nyuma ya chumba cha kufulia, na mvuke wake ndio uliochemsha mashine za Dobi, ukanyoosha mashuka yake, ukachemsha na vyombo vya chumba cha upasuaji. Dobi alianza kazi pale akiwa msichana, hajui kutofautisha koki ya kufungia mvuke na geji ya kuupimia. Yeye ndiye aliyemfundisha. "Boila ni kama mke mkubwa," alimwambia siku ya kwanza. "Ukiona amenyamaza, ondoka chumbani."

Kwa habari za Aliyerudi, alikuwa na dhihaka zake. "Mama yako namheshimu sana," alikuwa akisema, "lakini mtu akifa amekufa. Nimezima taa miaka mingapi humu? Sijaona hata moja iliyozimika ikaenda mahali." Na watu wa pale kufulia walimwogopea kwa maneno hayo, wakasema siku yake ikifika ataona.

Siku yake ilikuwa imefika. Ini lilikuwa limekwisha, tumbo limejaa maji, macho ya njano. Sista wa wodi ya wanaume alimwambia Dobi kwamba mzee halali. Akifumba macho anashtuka. Na hataki shuka lipite kifuani. Likivutwa juu kidogo tu analisukuma kwa miguu na mikono, anatweta, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wamelalamika.

"Mama yako lini anakuja, dada?" sista akauliza.

"Anaumwa."

"Basi nenda wewe ukamwone. Ana kitu kinamtafuna yule."

Dobi alipanda juu wakati wa mapumziko, mikono bado inanuka sabuni na dawa ya madoa. Alimkuta amekalishwa, mito mitatu mgongoni. Mtu aliyekuwa akibeba mtungi wa gesi begani peke yake alikuwa amebaki mifupa ya mabega na tumbo. Alipomwona alimkamata kifundo cha mkono, na kiganja chake kilikuwa cha baridi kama bomba la asubuhi.

"Aliyerudi yuko wapi?"

"Mguu umevimba, mzee wangu. Hawezi kutembea."

"Mimi sitaki atembee. Nataka anijibu swali moja. Moja tu, mwanangu." Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akashusha sauti. "Pale langoni alimwona baba yake, sivyo?"

"Ndivyo anavyosema."

"Peke yake? Muulize kama palikuwa na wengine. Muulize kama kule mtu unamkuta yeyote aliyetangulia. Hata usiyemtaka."

 Katika miaka yote aliyoisikia ile habari, hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Kila mtu aliuliza kama atamkuta mama yake, mume wake, mtoto wake. Hakuna aliyeuliza kwa hofu ya kukuta mtu.

"Nitamuuliza," akasema, akajitoa taratibu mkononi mwake.

*

Alifika nyumbani saa kumi alasiri. Jua lilikuwa linaingia dirishani na kugonga ukuta wa chumba cha mama. Mama alikuwa amekaa kitandani, mgongo umeegemea ukuta, macho wazi, yameelekezwa mlangoni. Dobi aliingia, lakini macho hayakumfuata. Yalimpita.

"Mama."

Akapaza sauti.

"Mama!"

"Nakusikia. Usisimame hapo, unawaziba."

Dobi aligeuka nyuma. Palikuwa na mlango, korido, na ndoo ya maji. Akasogea, akakaa pembeni ya kitanda. Alijiambia ni dawa. Daktari alisema dawa zingine zinachanganya wazee. Akatoa swali la Mzee Mvuke kama alivyopewa.

"Anauliza kama pale langoni palikuwa na wengine."

Mama aligeuza kichwa haraka hata shingo ikalia. "Nani kamwambia?"

"Kamwambia nini?"

 Mama akaomba maji, akanywa mafunda mawili, akamrudishia glasi. 

"Mwanangu, sikuona kitu," mama akasema.

"Lini?"

"Siku uliyozaliwa. Sikuona uwanda, sikuona lango, sikumwona baba. Sikuona hata giza, maana giza ni kitu. Nilikuwepo, halafu sikuwepo, halafu nikawa nakohoa na mtu ananipigia kelele. Hapo katikati hapakuwa na kitu chochote. Kama kabla hujazaliwa wewe, ulikuwa unaumwa? Ulikuwa unasubiri? Basi hivyohivyo. Ndiyo maana sikuogopa tena. Nilishaonja, nikaona haina ladha."

"Na ule uwanda?"

"Wa bibi yako. Alikuwa anakufa kwa saratani mwaka uleule, amekunjamana kwa hofu, ananiambia, wewe ulikwenda, niambie kuna nini. Ningemwambia hakuna kitu? Mama yangu mzazi? Nikatazama ukutani, palikuwa na kalenda yenye picha ya malisho. Nikaanzia hapo. Lango nikaliweka mwenyewe. Baba nikamweka kwa sababu alikuwa anampenda." Akapangusa mdomo. "Alikufa anacheka, mwanangu. Kesho yake jirani akaja kuniita. Na keshokutwa mwingine. Ningeanzia wapi kukana?"

 Dobi alitaka kukasirika, lakini hasira haikupata pa kushika. Watu wangapi? Alikumbuka nyuso, alikumbuka sufuria za chakula walizoletewa kwa shukrani, ndugu waliolia mabegani mwa mama yake.

"Hukumdhuru mtu," akasema mwishowe.

"Nilikuwa nafikiri hivyo." Mama alirudisha macho mlangoni. "Wiki tatu sasa nauona."

"Unaona nini?"

"Uwanda. Ni mchana, sijalala, nasikia watoto wanacheza nje, nasikia redio ya jirani. Saa kumi kama hivi. Naangalia mlango, na pale penye korido kuna majani. Uleule niliousema, bila jiwe, bila mwiba. Siku za kwanza ulikuwa mtupu. Halafu wakaja."

"Nani?"

"Niliokaa nao. Wote. Mwalimu yupo. Bibi yako yupo. Yule mama wa mapacha, niliyekesha naye, yupo. Wamevaa mashuka ya hospitali, yale unayoyafua wewe, yenye mstari wa buluu pembeni. Wamesimama. Hawaongei, hawakai, hawaendi popote. Lango halipo. Niliwaambia kuna lango, na halipo, wamesimama tu wananitazama."

"Mama, ni dawa hizi."

"Inawezekana. Mwombe Mungu iwe dawa." Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Juzi mwalimu alikuwa mbali kama kutoka hapa hadi duka la kona. Leo yuko penye ndoo."

Dobi hakuigeukia ndoo. Alijikaza, akakaza na shingo, akakaa vile mpaka jua lilipoondoka ukutani na mama akasema, "Haya. Wamekwenda."

*

Asubuhi iliyofuata kazi ilikuwa nyingi kuliko kawaida. Mashine ya kukausha ilikuwa mbovu, ikabidi mashuka yote yaanikwe uani kwenye kamba. Dobi alianika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Upepo haukuwepo. Alipofika mstari wa nne aliinua macho akaona mbele yake safu kwa safu za mashuka meupe, marefu, yametulia wima, kila moja na mstari wake wa buluu. Alikaa juu ya kapu la nguo chafu. Wenzake wakadhani ni joto, wakamletea maji, mmoja akamtania kwamba siku hizi hata yeye anahitaji kuanikwa. Alicheka ili wamwache.

Sista alimkuta pale. "Dada, Mzee Mvuke hafiki jioni. Kama mama yako anakuja, aje sasa."

Dobi alikwenda nyumbani mbio na aproni yake. Mama alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Nenda wewe. Unaijua ile habari kuliko mimi."

"Nikamwongopee?"

"Kamwambie utakalo. Ila mimi simpeleki mtu mwingine pale. Waliopo wanatosha."

Njia nzima ya kurudi Dobi alikuwa akipanga maneno. Uwanda mpana. Majani mabichi. Aliyajua kama jina lake. Mtu anakufa, ana hofu, na dawa yake ni maneno ishirini. Nani ana haki ya kumnyima? Alipofika kitandani na kumkuta mzee anahema kwa kifua kizima, midomo imepasuka, alikuwa amekwisha kuamua kusema yote, lango na kofia na vyote.

"Umemuuliza?" Mzee Mvuke akasema kabla Dobi hajakaa.

"Nimemuuliza. Lakini kwanza uniambie, mzee wangu. Ni nani usiyetaka kumkuta?"

Mzee alifumba macho, akayafumbua. "Fundi bomba," akasema.

Dobi alimkumbuka kwa mbali. Mwanamume mwembamba, mpiga mluzi, aliyefariki mwaka wa pili baada ya yeye kuanza kazi. Aliungua ndani ya mfereji wa mabomba, chini ya sakafu. Walisema aliingia bila kumwarifu mtu.

"Aliniarifu," Mzee Mvuke akasema. "Alikuja akaniambia, kaka, naingia, funga koki kuu, usifungue mpaka nikugongee bomba mara tatu. Nikafunga. Chumba cha upasuaji wakaanza kupiga simu, wanataka mvuke, wanatukana. Nilisikia bomba likigongwa. Mara moja. Labda mbili. Nikasema inatosha, huyu ametoka, nikafungua." Akameza mate kwa shida. "Halafu nikaandika kwenye ripoti kwamba sikujua kama yumo. Nikatia sahihi. Mke wake akanyimwa haki zake zote, wakasema ni uzembe wa marehemu. Miaka kumi na tisa, binti yangu. Nilikuwa nasema mtu akifa amekufa. Nililisema kila siku. Nilikuwa naomba liwe kweli. Sasa nikifumba macho namsikia anagonga."

Dobi aliangalia mikono yake mwenyewe, iliyochubuka kwa sabuni. Ule uwanda aliokuja nao ukamfia kinywani. Kwa mtu huyu ungekuwa ni kumsukuma kwenye mdomo wa boila.

"Mama hakuona mtu," akasema. "Hakuona lango wala uwanda. Hakuona kitu. Alikuwepo, halafu hakuwepo, halafu akarudi. Mengine aliyatunga ili awatulize watu."

Mzee alimkazia macho ya njano. "Unanidanganya unipoze."

"Ningetaka kukudanganya ningekuambia ule uwongo mzuri. Ameniambia jana kwa kinywa chake. Hakuna kinachouma. Hakuna anayesubiri."

Akangoja. Taratibu, mabega ya Mzee Mvuke yakashuka kwenye mito. Mikono iliyokuwa imekunja shuka ikafunguka. Kifuani mwake kikatoka kitu kilichoanza kama kikohozi kikaishia kuwa kicheko. "Kumbe nilisema kweli miaka yote," akasema. "Taa." Akalia kidogo, machozi yakamtiririka mashavuni. Baadaye akakunja uso kama mtu anayepiga hesabu ngumu.

"Basi kuna tatizo," akasema. "Kama huko hayupo, nitamwomba wapi msamaha?"

Dobi alimwekea sawa mto mgongoni.

"Una kalamu?" mzee akauliza.

Alikuwa na kalamu, na fomu ya nguo za wodi. Akaandika nyuma yake, mzee akimtamkia neno kwa neno, akisimama kuvuta pumzi: nani aliarifiwa, nani alifunga koki, nani alifungua kabla ya kugongewa mara tatu, nani alisema uwongo. Sista akaitwa awe shahidi. Alisoma, akamtazama mgonjwa, akaandika jina lake chini bila neno. Mzee Mvuke aliweka sahihi iliyopinda lakini kamili, pamoja na cheo chake cha zamani. Kisha akamwambia Dobi avute shuka, baridi imezidi. Akalivuta hadi kidevuni, naye hakulisukuma. Alikufa baada ya saa moja, mchana kweupe, wenzake wa wodini wakicheza karata, na hakuna aliyegundua mpaka zamu yake ya dawa.

*

Dobi alimsimulia mama yake yote. Mama alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama, na mwisho akauliza kitu kimoja.

"Ulimwambia ukweli, na hakuogopa?"

"Hakuogopa."

"Sijawahi kujaribu," mama akasema. "Mara zote hizo, hata mara moja sikujaribu."

Siku mbili baadaye aliamka akiwa na uso mkavu, ameamua. Aliomba aogeshwe. Aliomba gauni lake la buluu iliyokoza na shali. Aliomba kiti chenye mikono kiwekwe katikati ya chumba, kielekezwe mlangoni.

"Ulale, mama. Daktari kasema ulale."

"Nimewaona watu wengi wanakufa wamelala chali. Hawa wana neno na mimi. Sitaki wanikute chali."

"Unaogopa?"

Mama alifikiri kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake akiulizwa jambo la maana. "Kufa siogopi. Nilishakuambia, haina ladha. Naogopa kuwatazama usoni. Lakini niliwapeleka mwenyewe, nitakwenda mwenyewe."

Saa kumi ilipokaribia, chumba kilipoa. Dobi alijiambia ni wingu. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza bei za mazao. Mama alishika mikono ya kiti, akainua kidevu, na Dobi, aliyekuwa amepiga magoti kando yake, akaona jinsi macho yale yanavyotembea kutoka uso hadi uso, taratibu, kwenye korido isiyo na mtu.

"Wapo?" akanong'ona.

"Wapo. Wameingia chumbani."

Dobi alishika goti la mama yake kwa nguvu. Hakuona kitu. Lakini pazia lililokuwa linapeperuka lilikuwa limesimama, na harufu iliyokuwapo pale, anaapa hadi leo, ilikuwa ya mashuka yaliyotoka kunyooshwa.

"Mzee Mvuke yumo?"

Mama alitafuta. Alitafuta kwa muda, akiinamisha kichwa huku na huku kama mtu anayechungulia nyuma ya umati.

"Simwoni," akasema. "Wote wapo, yeye hayupo." Na kwa mara ya kwanza uso wake ukaonyesha kitu ambacho Dobi hakupata kukijua kama ni nafuu au ni hofu kubwa zaidi. Kisha akasema, si kwa binti yake, kwa sauti ileile ya kuelekeza njia: "Niliwadanganya. Sikujua. Mimi pia sijui pa kwenda kutoka hapa. Lakini tusisimame."

Akainuka. Mtu ambaye siku hizo hakuweza kusimama bila kushikwa aliinuka kwa miguu yake miwili iliyovimba, akapiga hatua moja, na Dobi akamdaka kabla hajafika sakafuni. Alikuwa amekwisha kwenda. Safari hii Dobi alingoja robo saa nzima, sikio kifuani, macho kwenye saa ya ukutani, halafu akangoja robo nyingine.

*

Baada ya mazishi alichukua ile karatasi akaipeleka kwa mjane wa fundi bomba. Aliishi ng'ambo ya soko, nyumba ya vyumba viwili, mlango wa bati. Alikuwa mwanamke mkubwa, mpole wa mwendo, akaosha mikono kabla ya kuipokea. Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani, akakaa kizingitini.

"Watoto wangu wamekua wakiambiwa baba yao alikuwa mzembe," akasema.

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja."

"Alikufaje huyu aliyeandika?"

Dobi alidhani analeta faraja. "Alitulia," akasema. "Alikuwa anaogopa sana, lakini mwisho alitulia kabisa."

"Nani alimtuliza?"

"Mimi."

Mjane alimtazama, bila hasira, kwa muda ambao Dobi aliuhisi usoni kama jua.

"Mume wangu aligonga lile bomba robo saa," akasema. "Waliomtoa waliniambia. Vidole vyake havikuwa na kucha." Akainuka, akakung'uta gauni. "Mwenzake ametulia. Haya. Asante kwa karatasi, mwanangu."

Akaingia ndani, akavuta mlango, na Dobi akasikia komeo likipita upande wa pili.